Boti ya Marekani gatini Capri Point: nimeweka transfoma, bado kompresa imekufa. Kosa liko wapi?

Fundi Kirumba – #1
Wakuu salama? Niende moja kwa moja.

Kuna mzee mmoja wa hapa mjini kanunua boti ya mtumba, futi 32, imetoka Florida. Imeshushwa Dar, ikapakiwa kwenye lowbedi mpaka Mwanza, sasa imefungwa kwenye kigati cha mbao upande wa Capri Point. Ndani kuna friji, jiko la umeme, hita ya maji na kiyoyozi. Akaniita nimpelekee umeme kutoka nyumbani kwake ili asiwe anawasha jenereta kila akiwa na wageni.

Ubavuni mwa boti kuna tundu la plagi lenye meno matatu yaliyopinda: unachomeka, unazungusha, inajifunga. Limeandikwa 30A 125V. Nikajua huu siyo umeme wetu. Nikatafuta transfoma ya kushusha 230 kwenda 120, yenye uwezo wa kVA 3, nikavuta waya kutoka kwenye DB (boksi la kugawia umeme) ya nyumba kama mita 80, nikakata kichwa cha kebo yake nikaunga. Taa zikawaka, friji ikapoa, mzee akafurahi, nikalipwa.

Siku ya tatu jioni ananipigia. Kiyoyozi kimenguruma kama fuso linapanda Sekenke, kikanyamaza, harufu ya kuungua imejaa boti nzima. Kompresa, ile pampu ya gesi ya kiyoyozi, kwisha habari yake. Mzee anasema ni mimi. Mimi nasema ni mtumba wake. Kabla hatujafikishana kwa mjumbe, wajuvi nisaidieni.

Nyanda wa Igoma – #2
Nimeweka kigoda mbele nasubiri wanaojua. Boti yangu mimi ni mtumbwi, plagi yake ni kasia.

Serahangi – #3
Fundi pole. Nimekula miaka tisa kwenye yoti za watu, Palma (Hispania) na Antibes (Ufaransa), kwanza mshika kamba, baadaye msaidizi wa injinia. Kitu cha kwanza unachojifunza kule ni kwamba umeme wa gatini siyo kitu kimoja.

Ulaya boti ndogo inachomekwa kwenye soketi ya bluu, ya mviringo, pini tatu: ampea 16, volti 230, hezi 50. Ikizidi kidogo inapewa ya 32. Kubwa zaidi inahamia nyekundu ya pini tano, volti 400 fezi tatu, ampea 63 au 125. Rangi ndiyo inakuambia volti: njano 110, bluu 230, nyekundu 400. Na pini ya ethi (waya wa ardhini) ya njano imekaa mahali tofauti na ya bluu, kwa hiyo hata ulewe huwezi kuingiza ya bluu kwenye njano.

Marekani ni dunia nyingine. Boti kama ya mzee ni ampea 30 volti 120. Inayofuata ni ampea 50 ya waya nne: laivu (waya wa moto) mbili na nyutro (waya wa kurudisha) katikati, laivu kwa laivu unapata 240, laivu kwa nyutro 120. Zote hezi 60. Na usidhani ziko kambi mbili tu. Barbados ni volti 115 lakini hezi 50. Saudia ni volti 230 lakini hezi 60. Ndiyo maana yoti kubwa zinabeba mashine yake ya kubadili umeme, inameza chochote cha gatini na kutoa kile chombo kinachotaka. Bei yake usiulize.

Transfoma inabadili volti. Hezi haizigusi. Hapo ndipo ulipopigwa.

Bwiru Kwetu – #4
Kwani hezi ndiyo nini hasa? Mimi nilijua ni ya redio.

Ohm wa Nyegezi – #5
Bwiru Kwetu, ni mara ngapi kwa sekunde umeme unakwenda na kurudi. Wetu mara 50, wa Marekani mara 60. Taa na hita hazijali. Mota inajali sana.

Naunga mkono #3. Chukua volti gawa kwa hezi. Kwao ni 120 kwa 60, unapata 2. Fundi kampa 120 kwa 50, hiyo ni 2.4. Chuma cha ndani ya mota kinashiba sumaku kupita kiasi kwa asilimia 20, mota inavuta ampea nyingi bila kazi ya maana na joto linapanda. Halafu inazunguka taratibu: iliyoundwa kwenda 3,600 kwa dakika inakwenda 3,000. Ilitakiwa upewe kama volti 100, siyo 120. Transfoma yako ilikuwa sahihi kwa kibandiko na kosa kwa mota.

Mama Dagaa – #6
Wanangu hamjambo. Mimi hezi sikuzisoma, ila nina friza mbili Mwaloni na moja ilikufa hivyo hivyo, ikanguruma ikanyamaza. Ilikuwa saa moja jioni, kila mtu kawasha, taa zangu zimekuwa kama kibatari. Fundi akaniambia umeme ulikuwa mdogo, friza inajitutumua kuwaka inashindwa, inaungua. Nikanunua stabilaiza, mpaka leo sijazika friza nyingine.

Fundi, umesema mita 80. Mita 80 za waya gani?

Fundi Kirumba – #7
Mama shikamoo. Ni ule wa mm 1.5, wenye ganda jeupe. Ndio uliokuwepo dukani siku hiyo.

Nyanda wa Igoma – #8
😂😂😂 Mama Dagaa kamaliza kesi. Nakunja kigoda.

Ohm wa Nyegezi – #9
Usikunje. Shaba ya mm 1.5 ina ukinzani wa kama om 0.012 kwa mita. Kwenda na kurudi mita 160, ni karibu om 2. Boti ikivuta ampea 30 upande wa 120, upande wa nyumbani ni kama 16. Zidisha: volti 31 zinaishia njiani kupasha waya joto. Jioni umeme ukifika nyumbani na 205, kwenye transfoma inaingia 174, inatoka 91. Na hapo kompresa haijaanza. Ikianza inavuta mara tano hivi ya kawaida yake. Mama yuko sahihi.

Sangara Baridi – #10
Mimi ni fundi majokofu kwenye kiwanda cha samaki, kwa hiyo nina mahali pa kusimamia. Ohm, wewe wa #5 unapigana na wewe wa #9. Kule umesema mota imepewa volti nyingi kwa hezi 50. Huku unasema imepewa 91. 91 kwa 50 ni 1.82, chini ya ile 2 yako. Chuma hakishibi hapo. Chagua moja: imekufa kwa kushiba au kwa njaa?

Na hii ya hezi kuua kila kitu muipunguze. Kontena la minofu ya sangara likiwa nchi kavu linakula 400 kwa hezi 50, likifika melini linakula 440 kwa hezi 60, safari nzima mpaka Ulaya halilalamiki. Gawa mwenyewe: 8 na 7.3. Ukienda na uwiano, mota inakusamehe.

Ohm wa Nyegezi – #11
Kontena limeundwa kula vyote viwili, mkuu, kiyoyozi cha boti hakikuundwa hivyo. Na inaweza kuwa yote mawili. Mchana umeme mzuri, mzigo mdogo, mota inapata 115 na kitu, inashiba, inachemka kidogo kidogo. Jioni volti inaanguka, inashindwa kuanza. Nguvu ya kuanzia inashuka kwa kipeo cha pili cha volti: 91 kwa 120 unabaki na asilimia 57.

Sangara Baridi – #12
Hiyo 57 ni kama hezi hazijabadilika. Hezi zikishuka, nguvu ya kuanzia haianguki hivyo. Unapiga hesabu ya Marekani kwa umeme wa Mwanza.

Bwiru Kwetu – #13
Nyie wawili mkutane VETA mmalizane.

Mvuvi wa Kome – #14
Nauliza swali la kijinga. Hicho kiyoyozi kinapozwa na nini? Najua boti nyingi za namna hiyo zinavuta maji ya ziwani kwa pampu, yanapita kwenye kiyoyozi, yanatemwa nje ubavuni. Kwenye lile tundu la chini kuna chujio. Sasa tundu hilo liko Capri Point, upepo ukigeuka magugumaji yote yanasukumwa pale. Mimi injini yangu ya nje inakunywa magugu kila wiki, nikisikia sauti imebadilika nazima nainua. Kiyoyozi hakina mtu wa kukiinua.

Mmeangalia chujio?

Serahangi – #15
Mvuvi hilo siyo swali la kijinga hata kidogo. Na hiyo pampu ya maji nayo ni mota ya hezi 60. Kwa 50 inasukuma maji pungufu hata chujio likiwa safi.

Fundi, ulipounga kebo, ndani ulikuta rangi gani na ukafanyaje?

Fundi Kirumba – #16
Nyeusi, nyeupe, kijani. Kijani ethi, hapo hakuna ubishi. Nyeusi nikaifunga nyutro kama nyumba zetu za zamani, nyekundu laivu nyeusi nyutro. Nyeupe ikabaki nikaifanya laivu. Kila kitu kikawaka vizuri, na kwenye paneli ya boti ikawaka hata taa nyekundu ya kuonyesha umeme umefika.

Serahangi – #17
Fundi.

Kwa Mmarekani nyeusi ndiyo laivu. Nyeupe ndiyo nyutro. Umegeuza. Hiyo taa nyekundu siyo ya kukukaribisha, ni ya kukuambia laivu na nyutro zimebadilishana. Swichi ndogo za paneli ile mara nyingi zinakata waya mweusi peke yake. Ukizima friji, friji inanyamaza lakini ndani yake laivu bado ipo. Mtu akifungua kusafisha, imekwisha.

Nyanda wa Igoma – #18
Taa ya karibu mgeni 😂 Kigoda nimekirudisha.

Sangara Baridi – #19
Serahangi kweli, ila kugeuza rangi hakuunguzi kompresa. Umeme wa kwenda na kurudi haujui mbele wala nyuma. Kunaua mtu, kompresa hakuigusi. Tusichanganye kesi.

Ohm wa Nyegezi – #20
Hatari kwa mtu inategemea transfoma pia. Fundi, koili mbili zimetengana au ni moja imetobolewa katikati? Chomoa kila kitu, weka mita kwenye mlio, waya mmoja kwenye nyutro ya kuingia, mwingine kwenye waya wa kutoka. Ikilia, ni koili moja.

Fundi Kirumba – #21
Nimetoka kupima. Inalia.

Na kabla hamjaniuliza, niwe mkweli. Ile swichi ya kukata umeme ukivuja, ya miliampea 30, ilikuwepo kwenye DB ya mzee. Ilikuwa inaruka kila nikiwasha boti. Nikaipita.

Serahangi – #22
Chomoa. Soma uzi baadaye. Nenda kachomoe kwanza.

Fundi Kirumba – #23
Nimempigia kijana wa pale, kachomoa.

Serahangi – #24
Sawa. Sasa tuongee.

Kwenye marina za Ulaya zinazofuata kanuni, kila soketi ina breka yake na kifaa chake cha miliampea 30. Soketi moja boti moja, hakuna kugawana. Hilo halijawekwa kwa ajili ya friji, limewekwa kwa ajili ya anayeogelea. Na hapa watu wanakosea sana: wanadhani baharini ndiko kwenye hatari kwa sababu chumvi inapitisha umeme. Ni kinyume chake. Maji ya chumvi yanapitisha kuliko mwili wa mtu, kwa hiyo umeme uliovuja unapita majini unamwacha. Maji baridi kama ya ziwa letu yanapitisha vibaya, na mwili wa mtu una chumvi, kwa hiyo umeme unaona heri upite kwake. Miliampea 10 tu misuli inakataa amri. Mtu haungui, hapigi kelele, anazama. Watu wanasema kabanwa na misuli.

Swichi ilikuwa inaruka kwa sababu kuna umeme ulikuwa unarudi kwa njia ambayo siyo waya wako. Njia hiyo ni ziwa.

Mama Dagaa – #25
Mungu wangu. Na pale watoto wanaogelea kila Jumapili.

Kijana wa Ilemela – #26
Hili nimeliona. Kuna hoteli moja ya ufukweni, siitaji, ilikuwa na pampu ya kuvuta maji ya bustani. Tulikuwa tunaoga karibu na bomba lake, miguu inafanya ganzi, tunacheka, tunasema kuna samaki wa umeme. Mwenzetu mmoja akawa anashindwa kukunja mkono. Tukatoka. Baada ya wiki pampu ikaondolewa, hakuna aliyetuambia kitu.

Ohm wa Nyegezi – #27
Fundi, kuruka kwake kunaweza pia kuwa mahali fulani kwenye boti nyutro na ethi zimeshikana, hasa hita ya mtumba. Siyo lazima iwe imeoza.

Serahangi – #28
Inaweza. Lakini dawa yake ni kutafuta, siyo kupita. Na ethi ya mzee ni ipi? Uingereza ni marufuku kuipa boti ethi inayotegemea nyutro ya shirika la umeme, kwa sababu ile nyutro ikikatika barabarani mwili wote wa boti unapanda volti. Wanataka fimbo yako mwenyewe ardhini.

Fundi Kirumba – #29
Fimbo ipo, ya shaba, nimeiona pembeni ya tangi la maji. Haijapimwa tangu nyumba ijengwe nadhani.

Mvuvi wa Kome – #30
Na hizo soketi zinawekwa juu kiasi gani? Nauliza kwa sababu ziwa hili halina adabu.

Serahangi – #31
Gati lililosimama, angalau mita 1 juu ya maji ya juu kabisa.

Mvuvi wa Kome – #32
Maji ya juu kabisa ya lini? Kabla ya 2020 mtu angekuonyesha jiwe akakuapia maji hayajawahi kulipita. 2020 yakalipita. 2024 yakarudi tena. Kwetu mwalo mzima ulihamia kwenye mashamba ya watu. Hiyo mita 1 ya Ulaya huku ungeikuta inaogelea na kambale.

Bwiru Kwetu – #33
Wabeja Mvuvi. Kanuni iandikwe "juu ya mti wa mwembe".

Magu Moja – #34
Natoka nje ya mada kidogo. Kama boti imetoka Florida ilikuwa maji chumvi, basi vile vipande vya madini vilivyofungwa chini ili viliwe na kutu badala ya propela ni vya zinki. Ziwani zinki inajifunika ganda inalala. Huku unataka magnesiamu, au alumini inayofanya kazi kote. Na ukichomeka umeme wa nchi kavu, ule waya wa ethi unaiunganisha boti na vyuma vyote vilivyozikwa ardhini kwa mzee. Boti inageuka betri. Mwakani atakuja kuuliza propela imeliwa na nani.

Serahangi – #35
Siyo nje ya mada. Transfoma yenye koili zilizotengana ingekata hiyo njia. Ya fundi haikati chochote, ni koili moja.

Magu Moja – #36
Halafu mnailaumu hezi. Japani wana volti 100, mashariki Tokyo hezi 50, magharibi Osaka hezi 60, nchi moja. Vyombo vyao vingi vya nyumbani vinaandikwa 50/60. Mzee angenunua boti ya Japani, ile uwiano wa Ohm ungekaa wenyewe.

Nyanda wa Igoma – #37
Angenunua boti ya Japani usukani ungekuwa kulia na sote tungejua kuendesha.

Serahangi – #38
Fundi, njia ambayo nimeiona ikifanya kazi bila mashine ya bei mbaya: usiipe boti umeme wetu kabisa. Chaja nyingi za kisasa zinakubali kuanzia volti 90 mpaka 265, hezi 45 mpaka 65. Umeme wa gatini unaishia kwenye chaja. Chaja inajaza betri. Inveta ya Kimarekani inatoa 120 kwa 60 safi kutoka kwenye betri. Nyuma ya hapo boti haijui kama iko Mwanza au Miami. Kiyoyozi kitataka betri nyingi, hilo mzee aambiwe mapema.

Fundi Kirumba – #39
Wakuu, mrejesho. Leo nimeshinda pale toka saa mbili asubuhi. Swichi ya kuvuja nimeirudisha, nyeusi na nyeupe nimezigeuza, taa nyekundu imezimika. Hita ndiyo iliyokuwa inavujisha, nimeitenga nje kabisa.

Nikaitoa hita juu, nikaifunga kwenye transfoma moja kwa moja, bila boti, ili nipime waya tu. Saa sita mchana bila mzigo inaingia 219. Nikiwasha hita peke yake, 206. Nikiongeza jiko, 195, na inayotoka ni 98.

Chujio la maji nimelifungua. Mvuvi, naomba radhi kwa kutokujibu mapema. Lilikuwa limejaa mizizi ya magugu na konokono wawili, nimeyabana kwa mkono yakatoa tope kama chai ya maziwa.

Halafu nikafungua kiyoyozi. Kapasita ya kuanzia imevimba juu kama kopo la samaki lililooza. Na kwenye kompresa kuna kibandiko cha fundi wa huko kwao, kalamu imefifia, ila nasoma tarehe ya 2019 na neno la kujazwa gesi. Kwa hiyo ilishaumwa kabla haijaniona.

Mvuvi wa Kome – #40
Konokono wawili. Sina la kuongeza.

Ohm wa Nyegezi – #41
98 mchana, na hita na jiko tu. Jioni je? Kapasita imevimba kwa sababu ilikaa kwenye umeme muda mrefu, kompresa inajaribu kuanza inashindwa. Waya.

Sangara Baridi – #42
Kapasita ya kuanzia inavimba hata kwa uzee. Ingekuwa kwangu kiwandani ningebadilisha kapasita ya elfu chache kabla ya kutangaza msiba. Umepima koili za kompresa au umenusa tu?

Fundi Kirumba – #43
Nilinusa tu.

Mama Dagaa – #44
Mwanangu! Kapime.

Fundi Kirumba – #45
Nitapima kesho mama, kama nitaikuta. Mzee kaniambia ameshachoka na mambo ya Wamarekani. Ametoka Makoroboi na kiyoyozi cha ukutani cha 230, kipya, kiko kwenye boksi juu ya gati. Anauliza dirisha la boti likatwe upana gani.